Uzi: Fire in the Sky, kipindi cha Transformers ambacho wengi tulikiona nusu

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeishi nikiamini kwamba Skyfire aliuawa na rafiki yake. Kanda yetu ya video, ambayo mjomba aliileta kutoka Maskati pamoja na deki iliyokwisha kutumika, ilikuwa na vipindi vitatu vya Transformers, katuni ya maroboti wanaogeuka magari na ndege, na cha tatu kilikatika pale pale Starscream anapomfyatulia mwenzake. Baada ya hapo ilifuata michirizi, kisha harusi ya watu tusiowajua, bibi harusi akiwa amekwisha kuketi jukwaani. Harusi ile tuliitazama mara nyingi kuliko ilivyostahili, tukitumaini kwamba labda safari hii roboti atarudi.

Juma lililopita nilikitazama kipindi hicho tangu mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza, na nimeona nikilete hapa, kwa sababu nilichokikuta si nilichokitegemea, na kwa sababu nadhani kina jambo ambalo vipindi vingine vya mfululizo ule havina.

Kinaitwa Fire in the Sky, Moto Angani tungesema sisi, na ni cha msimu wa kwanza, ule wa vipindi 16 ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984. Megatron na Wadecepticon wake, yaani maroboti wabaya, wamepiga kambi Ncha ya Kaskazini, wanatoboa barafu ili wavute joto la kiini cha dunia na kuligeuza kuwa nishati. Dunia inaanza kupoa. Katika kutoboa huko wanamkuta ndani ya barafu roboti mwenye umbo kubwa kuliko wao wote, na Starscream, yule msaidizi asiyeweza kumaliza siku bila kukitamani kiti cha mkubwa wake, anamtambua. Zamani, kabla ya vita, wao wawili walikuwa wanasayansi wakisafiri pamoja kuchunguza sayari. Walipofika hapa duniani, enzi ambazo binadamu hajaonekana bado, dhoruba ilimzoa Skyfire, Starscream akamtafuta asimwone, akarudi Cybertron, sayari yao ya asili, peke yake.

Wanamwamsha. Fikirini hali ya mtu aliyelala mamilioni ya miaka, akafumbua macho na wa kwanza kumwona ni rafiki yake wa kazini, ila rafiki huyo sasa ni askari, ana bwana anayempigia magoti, na anamweleza kwa haraka nani ni adui. Skyfire hana sababu ya kumtilia shaka. Anaivaa nembo anayopewa, anatumwa, anakwenda. Anaanza kuona mambo yasiyolingana na maelezo aliyopewa, lakini anavumilia, kama sisi tunavyomvumilia ndugu aliyebadilika tangu tulipoachana naye, tukijiambia kwamba ni uchovu tu.

Halafu inakuja amri ya kuwamaliza Waautobot waliotekwa, yaani maroboti wema wanaopigana na Wadecepticon. Skyfire anakataa. Anasema kwa maneno machache kwamba yeye ni mwanasayansi, kazi ya kuua mateka si yake. Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Starscream hamkumbushi safari zao, hamwambii kwamba ni yeye aliyemwombea kwa Megatron afufuliwe, wala hatumii hila, yeye ambaye hila ndiyo lugha yake ya kila siku. Anampiga silaha. Mtu yule yule aliyefurahi kumwona, katika siku ile ile.

Nilipokuwa mtoto nilidhani Starscream alikuwa anadanganya tangu mwanzo. Leo sidhani hivyo. Nadhani furaha yake ya kumwona Skyfire ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalofanya tukio hili liwe zito. Hakumpoteza rafiki chini ya barafu. Rafiki alirudi mzima, akamkuta Starscream ndiye aliyepotea. Katika msimu wote ule hapa ndipo tunapoambiwa kwamba yule msaliti wa kudumu aliwahi kuwa na kazi isiyokuwa ya vita na mtu aliyemwamini, na tunaambiwa kwa sekunde chache, bila kurudiwa.

Sasa kuhusu mwisho ambao harusi ilitunyima. Skyfire hafi kwa pigo lile. Waautobot wanamtengeneza, anahamia upande wao, na katika pambano la mwisho la kuuzuia mpango wa Megatron anaishia tena chini ya barafu, safari hii kwa uamuzi wake. Optimus Prime, kiongozi wa Waautobot, na wenzake wanabaki wakitumaini kwamba ipo siku atatoka. Basi. Kwa katuni ya asubuhi ya watoto, ni mwisho wa kishujaa na wa baridi kweli kweli.

Jambo lililonishtua zaidi nililigundua nilipotafuta mpangilio wa vipindi. Hiki kilionyeshwa Marekani mwezi Disemba 1984, wakati kilikuwa kimetengenezwa mapema zaidi katika msimu. Kabla yake kilikuwa kimekwisha kuonyeshwa Fire on the Mountain, ambamo Skyfire, akiwa tayari ni Autobot, anawabeba Autobot wenzake Brawn na Windcharger kuwapeleka Peru kana kwamba ni ndege ya abiria iliyokuwepo siku zote. Kwa maana hiyo mtoto wa Chicago, mwenye televisheni ya rangi sebuleni na ratiba ya vipindi gazetini, hakuwa na hali bora sana kuliko sisi tuliokuwa na kanda iliyokatwa na harusi. Sisi tulinyimwa mwisho. Yeye alipewa mwisho kabla ya mwanzo, kisha akaambiwa amhofie mtu ambaye alikwisha kumwona Peru akiwa salama.

Ningependa kusikia wenzangu mlikiona vipi, na kama kuna aliyewahi kuona kipindi kinachoeleza Skyfire alitolewaje barafuni.


Mzee wa Kanda

Mleta uzi, umenirudisha mbali. Mimi nilikiona kwenye banda la video, si nyumbani. Vijana wakumbuke kwamba Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, kwa hiyo kwetu katuni ilikuwa kitu cha kulipia kiingilio, ukakaa kwenye benchi, jenereta likinguruma nje. Filamu za mapigano ndizo zilizokuwa chakula kikuu, na katuni iliwekwa mchana ili watoto nao walete shilingi zao.

Katika banda sheria ilikuwa moja tu: steringi hafi. Ndiyo maana kipindi hiki kilituletea ugomvi, maana hatukukubaliana steringi ni nani. Waliosema ni Skyfire walishangaa kuona anaachwa chini ya barafu, wakadai fundi wa mitambo amekata kanda ili awahi kuweka picha nyingine. Alirushiwa maneno mazito ambayo, kwa maelezo yako, hakuyastahili.

Swali langu ni jingine. Miaka mingi baadaye nilimwona roboti huyu katika boksi lake, na jina lililoandikwa lilikuwa Jetfire. Je, ni yeye, au ni ndugu yake?


Fundi Bisibisi

Mzee wa Kanda, shikamoo. Ni yeye na si yeye, na kisa chake ni kirefu kidogo.

Wengi wanajua kwamba midoli ya Transformers haikubuniwa upya na Hasbro. Kampuni hiyo ya Marekani ilichukua maroboti yaliyokwisha kutengenezwa na Takara ya Japani, hasa katika safu za Diaclone na Micro Change, ikayaunganisha kwenye safu moja, na Marvel, kampuni ya vitabu vya picha, ikapewa kazi ya kuyatungia hadithi. Majina mengi tunayoyajua yalitungwa na mhariri mmoja wa Marvel, Bob Budiansky. Ndiyo sababu Optimus Prime ni lori la Diaclone, Megatron ni bastola ya Micro Change aina ya Walther P38, na Starscream ni ndege ya F-15 iliyotoka Diaclone.

Jetfire hakutoka Takara. Alitoka kampuni nyingine ya Japani, Takatoku, iliyokuwa ikitengeneza ndege za Valkyrie za katuni ya Macross ya mwaka 1982, zile zinazofanana na F-14 na kubadilika kuwa roboti. Hasbro iliomba ruhusa ya kumuuza ndani ya safu yake, na mdoli ukaingia madukani Marekani mwaka 1985. Wakati huo Takatoku ilikuwa imekwisha kufilisika, na kalibu zake zikaangukia mikononi mwa Bandai. Bandai ni mshindani wa Takara, na Takara ndiyo iliyokuja kuuza Transformers huko Japani. Basi hapo mambo yakawa magumu, kwa sababu katuni ilikuwa inachorwa Japani, kwenye studio ya Toei, na ilikusudiwa kuonyeshwa huko pia. Ungemchoraje shujaa ambaye sura yake ni mali ya mpinzani wako? Dawa ikawa kumpa umbo jingine, uso mwingine na jina jingine. Skyfire ni Jetfire aliyebadilishwa nguo ili asitambulike mtaani.

Kilichochekesha ni kwamba mwaka ule ule wa 1985 Wamarekani waliletewa katuni ya Robotech, iliyotumia Macross ndani yake. Mtoto aliweza kuiona ndege ya mdoli wake ikiruka katika katuni nyingine kabisa, huku katika katuni iliyokuwa ikiutangaza mdoli wenyewe akionyeshwa jitu jeupe lisilofanana nao.

Mimi ninao mmoja, niliununua umetumika hapa Sharjah kwa mtu aliyekuwa akihama. Ni mzito, miguu inakaza kwa mlio wa kuridhisha, mabawa yanafunguka na kujikunja. Ugonjwa wake ni ule unaojulikana na kila anayekusanya midoli hii, yaani plastiki nyeupe kugeuka rangi ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nilipozivua zile deraya nyekundu za kifuani na miguuni nilikuta chini yake pamebaki peupe, mipaka imenyooka kama ya soksi kwenye mguu wa mtoto wa shule.


Binti Mkaguzi

Ndugu zangu, sina nia ya kuwaharibia kumbukumbu, lakini naona tunatia chumvi. Kipindi hiki ni tangazo la dakika ishirini na kitu. Katuni za namna hii zilikuwa na sababu moja ya kuwepo. Mwaka 1969 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliikalia kooni katuni ya magari ya Hot Wheels kwa hoja kwamba ni tangazo lililojificha. Mwaka 1984 tume hiyo hiyo, ikiwa chini ya mwenyekiti aliyeamini kwamba soko lijiamulie lenyewe, iliondoa vikomo vya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto, na mlango ukawa wazi. Bunge lao lilirudisha vikomo mwaka 1990, wakati midoli imekwisha kuuzwa.

Kwa hiyo Mleta uzi anaposema kwamba Skyfire kuachwa barafuni ni mwisho wa kishujaa, mimi naona bidhaa iliyowekwa stoo. Na alipotokea Peru bila maelezo, ni bidhaa iliyotolewa stoo. Katika filamu ya mwaka 1986 walimuua hata Optimus Prime ili midoli mipya ipate nafasi rafuni, watoto wakalia kwenye kumbi za sinema. Waliofanya hivyo hawakuwa na huzuni ya kisanii.


Mleta uzi

Dada Mkaguzi, hoja yako naikubali robo tatu. Ni kweli kwamba bila mdoli kusingekuwa na katuni, na ni kweli kwamba vifo vya mwaka 1986 viliamuliwa kwa orodha ya bidhaa. Lakini hebu tumchukue Skyfire peke yake, tuyaweke pamoja maelezo yako na ya Fundi Bisibisi, uone kama hesabu inakubali.

Tangazo hutaja jina la bidhaa. Hili limelificha. Tangazo huonyesha sura ya bidhaa. Hili limeibadilisha. Tangazo humwambia mtoto kwamba kitu hiki kipo dukani sasa hivi, lakini kipindi kilionyeshwa Disemba 1984 na mdoli ukaja mwaka uliofuata. Tena linamalizika bidhaa ikiwa chini ya barafu. Kama mimi ni mwenye duka na wakala wangu wa matangazo amenifanyia kazi ya namna hiyo, simlipi.

Ninachokiona mimi ni kwamba kizuizi cha kisheria kati ya kampuni za Japani kiliacha ufa, na hadithi ikapenya ufani. Kwa roboti kama Bumblebee au Starscream, mwandishi alilazimika kumrudisha kila mmoja mahali pake kipindi kinapokwisha, kwa sababu mtoto angemtafuta kesho dukani akiwa vile vile. Skyfire hakuwa na rafu ya kurudi. Aliweza kuanza upande mmoja akaishia mwingine, aliweza kuwa na zamani, aliweza kukataa amri na kupata hasara. Sidai kwamba waandishi walikaa wakalipanga hivyo. Ninasema tu kwamba kati ya midoli yote ya msimu ule, huyu ambaye hawakuweza kumuuza ipasavyo ndiye waliyemwandikia maisha.

Na pale biashara iliposhika tena usukani, tunauona uharibifu kwa macho. Maisha yale yalifutwa. Katika vipindi vinavyofuata Skyfire hana neno na Starscream. Wanapigana mbingu moja kana kwamba hawakuwahi kukutana, na yeye anabaki chombo cha kuwabebea wenzake wasioruka, kisha anatokea kwa nadra zaidi na zaidi. Hilo ndilo ninalolilaumu. Kumuuza hakuniumizi.


Fundi Bisibisi

Naongeza kidogo. Katika vitabu vya picha vya Marvel jina lilibaki Jetfire, kwa kuwa karatasi haikuwa na shida ya Toei, lakini huko hakuna urafiki wowote na Starscream. Ni roboti aliyeundwa na Shockwave, Decepticon mwingine, hapa hapa duniani, akahamia kwa Waautobot baadaye. Nilivisoma nikiwa mtu mzima na sikuhisi kitu. Hapo Mleta uzi ana haki. Jina la bidhaa walikuwa nalo, hadithi ya barafu hawakuwa nayo.


Mzee wa Kanda

Fundi, marahaba, na ahsante kwa darasa. Dada Mkaguzi naye asidharauliwe, maana bila yeye tungekuwa tunalia tu. Mimi nabaki na neno moja. Nilipokuwa kijana nilimhesabu Starscream kuwa adui wa kuchekesha, mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hupigwa na bosi wake kila kipindi, na kwa kweli mwigizaji Chris Latta aliitendea haki sauti ile. Sasa nimerudi kukitazama baada ya kuusoma uzi huu. Mahali anaposimulia jinsi alivyomtafuta mwenzake dhorubani sauti ni ile ile, haijalegezwa, lakini hakuna anayecheka. Mjukuu wangu aliyekuwa pembeni akauliza kwa nini sasa amempiga. Nikamwambia subiri.


Binti Mkaguzi

Kaka Mleta uzi, hoja ya tangazo linaloficha jina la bidhaa sina jibu nayo kwa leo. Nauliza jambo la vitendo. Nina wanangu wawili nyumbani, nikitaka wakione bila kuchanganyikiwa, nifuate mpangilio upi?


Mleta uzi

Dada, anza na vile vitatu vya mwanzo kabisa vya Septemba 1984, vinavyoeleza walivyofika duniani, maana bila hivyo hawataelewa nani anapigania nini. Kisha wape Fire in the Sky, na usiwaruhusu waguse rimoti mwisho unapofika. Fire on the Mountain uiweke baada yake, hata kama orodha utakayoikuta imeitanguliza, kwa sababu orodha nyingi hufuata tarehe za kuonyeshwa na si za kutengenezwa.

Jiandae kwa swali moja tu. Nilivitazama kwa mpangilio huo na mpwa wangu wa miaka saba. Cha kwanza kilipokwisha alinyamaza. Cha pili kilipoanza, akamwona Skyfire anapaa juu ya milima ya Peru, akaniuliza: anko, barafuni ametoka lini? Nikamwambia hawakuonyesha. Akanitazama kama aliyekamata mtu anaiba sukari, akauchukua mto wa kochi, akauweka juu ya kindege chake cheupe, akakitoa mwenyewe.